Kibali cha Kuchimba: Ardhi, Madini na Mamlaka katika Mkoa wa Mara

SWALI LA MKULIMA

Katika madarasa ya itikadi kuna swali ambalo haliishi kuulizwa, na huulizwa kwa nguvu zaidi wanafunzi wanapotoka Musoma, Bunda na Butiama. Swali lenyewe ni hili: ikiwa chini ya shamba la baba yangu kuna dhahabu, dhahabu hiyo ni ya nani?

Kada mwenye haraka hujibu: ni mali ya taifa. Jibu hilo ni sahihi kwa sheria, na ni sahihi kwa itikadi. Lakini jibu sahihi lisilofafanuliwa hugeuka kuwa kaulimbiu, na kaulimbiu haimtoshelezi mtu aliyeamka asubuhi akakuta vigingi vimesimikwa katikati ya mihogo yake. Mtu huyo haulizi falsafa ya umiliki. Anauliza: nani ametoa ruhusa? Alimshauri nani kabla ya kuitoa? Na mimi ninayelima hapa nimo wapi katika ruhusa hiyo?

Kwa hiyo swali la kweli ni swali la kibali. Kibali cha kuchimba madini kikitazamwa juu juu ni karatasi yenye mhuri, ramani na tarehe. Kikichunguzwa kwa undani, ni mahali ambapo dola, mtaji na mzalishaji wa kawaida hukutana ana kwa ana. Anayekitoa huonyesha mamlaka yako mikononi mwa nani. Masharti yake huonyesha mamlaka hayo yanatumikia tabaka gani. Na yule ambaye hakuulizwa huonyesha ni nani aliyeachwa nje.

Makala haya yanafuata historia ya kibali hicho katika upande huu wa mashariki ya Ziwa Viktoria. Madhumuni yake ni kumpa kada na mwanafunzi silaha ya kufikiri, ili anaposema "mali ya taifa" ajue maneno hayo yalipiganiwa vipi, yalichakachuliwa vipi, na yanadai nini kwake leo.

KABLA YA KIBALI

Kabla ya ukoloni, makabila ya sehemu hii, yaani Wazanaki, Waikizu, Wajita, Wakwaya, Wakurya na wengineo, hayakuwa na dola kubwa zenye wafalme. Wazanaki, kwa mfano, hawakuwa na mtemi mmoja juu ya wote. Mambo yaliamuliwa na wazee, kwa koo na kwa marika. Utemi waliokuja kuwa nao wakati wa ukoloni ulitokana kwa sehemu kubwa na haja ya mtawala kupata mtu mmoja wa kumpa amri na kumdai kodi.

Ardhi ilikuwa ya ukoo na ya jamii. Mtu alipata haki ya shamba kwa kufyeka, kulima na kukaa. Akihama na shamba likarudi kuwa pori, haki yake ilififia. Chuma kilijulikana, na wahunzi walikuwa na ufundi na miiko yao. Lakini hapakuwa na mtu aliyegawanya ardhi kwa tabaka mbili, juu yake iwe ya mkulima na chini yake iwe ya mwingine asiyeonekana.

Tusiipambe hali hiyo kupita kiasi. Jamii ya zamani ilikuwa na upungufu wake, na mwanamke alilima ardhi ambayo kwa kawaida hakuirithi. Hata hivyo, jambo moja ni la msingi: haki ya kutumia ardhi ilitokana na kazi na uanajamii. Haikutokana na karatasi. Karatasi ililetwa na mgeni.

KARATASI YA MJERUMANI

Mwaka 1895 dola ya Kaisari ilitoa amri iliyoitangaza ardhi ya koloni lake la Afrika Mashariki kuwa ardhi ya himaya, isipokuwa pale mtu alipoweza kuthibitisha haki yake. Hapo ndipo mzigo wa kuthibitisha ulipohamia kwa mwenyeji. Aliyekuwa ameketi alitakiwa kuthibitisha kwamba ameketi, na aliyefika jana akawa hakimu.

Mwaka 1906 ikafuata amri ya Kaisari juu ya madini katika makoloni yake ya Afrika na ya bahari ya kusini. Hatua hiyo ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana. Iliyatenga madini na haki ya mwenye ardhi, na kuyaweka chini ya utaratibu wake wenyewe wa utafutaji, usajili na ada. Tangu hapo shamba moja likawa na milki mbili: ya juu na ya chini.

Dhahabu ya wakati huo iliyojulikana zaidi ilitoka Sekenke, katika Iramba, ambako uchimbaji ulianza mwaka 1909. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na kukosa fedha, walitumia dhahabu ya Sekenke kupigia sarafu za rupia 15 huko Tabora mwaka 1916, zenye sura ya tembo. Hapa pana somo. Dhahabu iliyochimbwa kwa jasho la Waafrika ilitumika kugharimia vita ya mabeberu wawili waliokuwa wakigombea nani aendelee kuwatawala Waafrika hao hao.

KARATASI YA MWINGEREZA

Mwingereza alikuja na lugha laini zaidi. Sheria yake ya Ardhi ya 1923 iliiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya Gavana, ikisema kwamba aliishika kwa ajili ya manufaa ya wenyeji. Mwaka 1928 sheria hiyo ilirekebishwa ili kuzitambua haki za wenyeji waliokaa kwa mila. Maneno yalikuwa mazuri. Lakini mwaka 1929 ilitungwa sheria mpya ya madini, na ndani ya sheria hiyo mkulima wa Kizanaki au wa Kijita hakuonekana ila kama mtu wa kulipwa fidia ya mazao yaliyoharibiwa.

Utaratibu wenyewe ulikuwa na ngazi. Kwanza palikuwa na haki ya kutafuta madini. Aliyeipata aliweza kuingia katika ardhi, kupima, kuchimba mashimo ya majaribio na kusimika vigingi vya eneo lake. Kisha aliandikisha eneo hilo. Akitaka kuchimba kwa muda mrefu na kwa mtaji mkubwa, aliomba mkataba wa kukodi eneo la mgodi. Kila ngazi ilidai ada, kujaza fomu, na kujua lugha ya sheria. Katika nchi ambayo mkoloni mwenyewe aliwanyima watu wengi shule, ngazi hizo zilikuwa ukuta. Kwa vitendo, leseni kwa sehemu kubwa zilikuwa za walowezi na makampuni, na Mwafrika alikuwa kibarua ndani ya shimo.

Kwa nini Mwingereza aliiharakisha dhahabu? Sababu haikuwa Musoma, ilikuwa London na New York. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kuifungamanisha sarafu yake na dhahabu. Mwaka 1934 Marekani ilipandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Mazao ya kilimo yalikuwa yameanguka bei kwa sababu ya mdororo wa uchumi wa mabepari, na dhahabu ikapanda. Mtaji ukakimbilia penye faida: Lupa katika Chunya, Geita, Sekenke na Musoma. Kiabakari na Buhemba zikaingia katika ramani ya makampuni. Mwishoni mwa miaka ya 1930 dhahabu ilikuwa bidhaa ya pili ya Tanganyika kwa thamani ya mauzo ya nje, baada ya mkonge.

Utazame mfumo ulivyofungamana. Kodi ilimlazimisha mwanamume kutafuta shilingi. Bei ya pamba ilipoanguka, shilingi haikupatikana shambani. Mgodi ukawa hapo karibu, ukihitaji mikono ya bei nafuu. Hakuna aliyemfunga mtu kamba kumpeleka Kiabakari. Kodi ilifanya kazi ya kamba. Basi kibali kilichotolewa ofisini kilikuwa kibali cha vitu viwili kwa pamoja: kuchukua mwamba, na kuchukua nguvu za mtu.

Ili tuone tabia ya mkoloni mahali ambapo alikuwa ameahidi kwa maandishi, tutupe macho ng'ambo ya mpaka, Kakamega nchini Kenya, upande uo huo wa ziwa. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitunga sheria ya dhamana ya ardhi za wenyeji. Iliahidi kwamba ardhi ya hifadhi ya Waafrika ikitwaliwa, ardhi nyingine itaongezwa badala yake, na baraza la wenyeji litashauriwa. Mwaka 1931 dhahabu ikagunduliwa Kakamega. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa. Sasa ardhi iliweza kutwaliwa kwa fidia ya fedha bila kuongeza ardhi nyingine, na bila kulishauri baraza. Ahadi iliyotolewa kuwa ya milele ilidumu miaka miwili. Ilidumu, kwa maneno mengine, mpaka siku dhahabu ilipoonekana.

Hilo ndilo somo la kwanza la historia yetu: haki ya kushauriwa ambayo haikusimamiwa na nguvu ya watu wenyewe hufutwa siku ile inapohitajika.

UHURU, AZIMIO NA SHERIA ILIYOSAHAULIWA

Butiama si jina la ramani tu katika jambo hili. Ni mahali alipozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922, na ndipo alipozikwa, Mwitongo, Oktoba 1999. Mtoto yule aliyekwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alikwenda wakati ule ule ambao kukimbilia dhahabu kulikuwa kumepamba moto katika wilaya yao. Haifai kudai zaidi ya tunavyojua juu ya aliyoyawaza mtoto. Lakini tunajua alichokiandika alipokuwa mtu mzima. Mwaka 1958, katika kijitabu cha Mali ya Taifa, alipinga mpango wa mkoloni wa kuifanya ardhi kuwa bidhaa ya kuuzwa na kumilikiwa moja kwa moja na watu binafsi. Hoja yake ilisimama juu ya msingi ule ule wa jamii ya zamani: ardhi haikutengenezwa na mtu, na kinachompa mtu haki ni kazi yake juu yake.

Azimio la Arusha la 1967 liliitaja ardhi pamoja na madini miongoni mwa njia kuu za uchumi ambazo lazima ziwe chini ya wakulima na wafanyakazi kwa njia ya serikali yao. Mwongozo wa 1971 ukaongeza jambo la pili ambalo mara nyingi husahaulika: kwamba watu washirikishwe katika kuifikiria na kuipanga mipango inayohusu maisha yao, wala wasiletewe tu mipango ili waitekeleze. Mambo haya mawili hayatenganishiki. Umiliki wa umma bila ushiriki wa umma ni ganda lisilo na kiini.

Mwaka 1972 likaundwa Shirika la Madini la Taifa, STAMICO. Mwaka 1975 sheria ya vijiji ikakipa kijiji kilichoandikishwa uwezo wa kisheria, halmashauri yake na mkutano wake. Kwa mara ya kwanza tangu 1895 mkulima wa Mara akawa na chombo cha kisheria ambacho angeweza kukitumia kusema: huku ni kwetu, tuulizeni.

Lakini ukweli lazima usemwe, kwa sababu nadharia isiyojikosoa haimfunzi mtu. Kwanza, Azimio lilikuta migodi mingi imekwisha kufungwa. Bei ya dhahabu ilikuwa imegandishwa katika dola 35 tangu 1934, wakati gharama za kuchimba zikipanda kila mwaka. Mtaji ukaiacha Geita mwaka 1966, na mgodi wa Kiabakari nao ulikufa katikati ya miaka hiyo ya 1960. Mabepari walichukua dhahabu iliyokuwa rahisi, wakatuachia mashimo. Pili, sheria ya madini ya 1929 haikuguswa katika msingi wake. Bendera ilibadilika mwaka 1961, milki binafsi ya ardhi ya moja kwa moja ikafutwa mwaka 1963, Azimio likatangazwa mwaka 1967, lakini karatasi ya Mwingereza juu ya madini ikaendelea kutawala mpaka mwaka 1979. Kwa miaka 18 baada ya Uhuru, mwananchi aliyetaka kuchimba kwa halali aliingia ofisini kwa mlango uliojengwa na mkoloni.

Sheria ya Madini ya 1979 iliyaweka madini yote mikononi mwa Jamhuri ya Muungano, na ilimpa Waziri mamlaka makubwa ya kutoa leseni. Huo ulikuwa ushindi wa msingi. Lakini ilikuja wakati bei ya dhahabu duniani ilikuwa imepaa, ikapita dola 800 kwa wakia mwezi Januari 1980, na wakati uchumi wetu ulikuwa umebanwa na vita ya Kagera na bei ya mafuta. Umma ulikuwa na mali lakini haukuwa na mitambo. Pengo hilo likajazwa na watu wenye sururu na karai, wachimbaji wadogo, ambao wengi hawakuwa na kibali chochote. Dhahabu yao ilivuka mipaka kwa magendo, mpaka serikali ilipoanza kuinunua kwa bei ya kuvutia kupitia mabenki mwaka 1990. Hali ikawa ya ajabu: katika nchi ambayo madini ni ya umma, mtu wa umma aliyeyachimba aliitwa mvamizi.

MLANGO WA SOKO HURIA

Miaka ya 1990 mwelekeo uligeuka. Sera ya Madini ya 1997 na Sheria ya Madini ya 1998 zilimfanya mwekezaji mkubwa kuwa injini ya sekta. Mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 3. Mgeni aliweza kumiliki mgodi mzima. Mikataba ya uendelezaji ilimhakikishia kwamba masharti ya kodi hayatabadilishwa bila yeye kukubali. Migodi ikafunguliwa kwa kasi: Nzega 1998, Geita 2000, Bulyanhulu 2001, na katika mkoa wetu, North Mara huko Nyamongo, Tarime, mwaka 2002.

Buhemba nayo iliamshwa tena. Kampuni ya Meremeta, iliyosajiliwa mwaka 1997 kwa ubia wa Serikali na kampuni kutoka Afrika Kusini, ilichimba hapo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uchimbaji huo haukudumu, na hesabu zake zilizua mjadala mkali Bungeni. Mwaka 2008 Bunge liliambiwa kwamba jambo hilo linagusa usalama wa nchi, na haliwezi kujadiliwa hadharani. Baadaye eneo likakabidhiwa STAMICO.

Hatuleti kisa hicho ili kuhukumu watu. Hilo ni jukumu la vyombo vingine. Tunakileta kwa sababu ya somo lake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mgodi unaweza kuwa na hisa za umma, na bado umma usijue kilichotoka na kilichoingia. Hisa peke yake haimpi mwananchi mamlaka. Mamlaka ni kuweza kuuliza na kujibiwa.

Malalamiko ya wananchi hayakwenda bure. Mwaka 2007 Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani, na kazi yake ikazaa Sheria ya Madini ya 2010. Mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 4, ukikokotolewa juu ya thamani yote badala ya thamani iliyokwisha kukatwa gharama. Leseni ndogo za uchimbaji zikahifadhiwa kwa Watanzania. Mwaka 2017, baada ya kamati za Profesa Mruma na Profesa Osoro juu ya makinikia, zikatungwa sheria zilizotangaza mamlaka ya kudumu ya wananchi juu ya maliasili na kuruhusu mikataba yenye masharti ya hila ipitiwe upya. Mrabaha ukapanda hadi asilimia 6, ikaongezwa asilimia 1 ya ukaguzi, Serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa, na Tume ya Madini ikaundwa. Mwaka 2019 masoko ya madini yakaanza kufunguliwa mikoani, na mwaka 2020 Serikali na Barrick wakatia saini makubaliano yaliyoihusu North Mara pia.

Hizo ni hatua za kweli mbele. Lakini kada makini atagundua kwamba nyingi zinahusu uhusiano wa taifa na mtaji wa nje: mrabaha, hisa, ukaguzi. Swali la mkulima wa Kiabakari aliyekuta vigingi ni swali jingine. Linahusu uhusiano wa mwananchi na kibali chenyewe, hata pale mwenye kibali ni Mtanzania mwenzake.

KIBALI MBELE YA MWENYE SHAMBA

Sheria ya 2010 inasema nini juu ya mwenye shamba? Inasema mambo ambayo kila balozi na kila mwenyekiti wa kijiji angepaswa kuyajua kwa moyo.

Mwenye leseni haruhusiwi kutumia haki yake ndani ya mita 200 za nyumba ya mtu, wala ndani ya mita 50 za ardhi iliyolimwa au kutayarishwa kwa mazao, bila idhini ya maandishi ya mkazi halali. Maeneo ya makaburi nayo yana ulinzi wake. Mkazi ana haki ya fidia ya haki. Hata hivyo, idhini ikikataliwa bila sababu ya msingi, Waziri anaweza kuamuru kwamba haihitajiki. Yaani mkulima ana kauli, lakini si kauli ya mwisho. Hilo linafuatana na msingi kwamba madini ni ya wote: mtu mmoja hawezi kulifungia taifa mlango. Lakini pia linamaanisha kwamba neno "bila sababu ya msingi" ni uwanja wa mapambano, na anayefika uwanjani bila maandishi wala wenzake hushindwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inatoa silaha. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kwa manufaa ya umma, na ikiwa haizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha au kukataa. Ikizidi hapo, Waziri huamua, lakini baada ya kuyazingatia mapendekezo ya mkutano huo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inadai athari zitathminiwe na wananchi wasikilizwe kabla mradi mkubwa haujaanza. Basi karatasi za ulinzi zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuzisoma kwa sauti katika mkutano.

Tusisahau kwamba hata mawe ya ujenzi, kokoto na mchanga ni madini kwa mujibu wa sheria. Mwanamke anayeponda kokoto kando ya barabara ya Musoma au Bunda, akikaa juani na nyundo na mtoto mgongoni, yumo katika sekta ya madini kama alivyo mwenye mtambo. Tofauti ni kwamba mwenye mtambo anajua njia ya ofisini.

Sasa tuingie ndani ya duara, kwa maana ndiko tabaka hujionyesha. Katika machimbo madogo ya Buhemba au Kinyambwiga wilayani Bunda, kiroba cha mawe kikipanda juu hakiendi kwa mtu mmoja. Mwenye leseni hudai fungu lake. Mwenye shamba hudai lake. Mwenye duara, aliyegharimia kamba, magogo na chakula, hudai lake. Wachimbaji walioshuka chini hugawana kinachobaki. Kisha kuna mwenye karasha, mwenye mwalo, mnunuzi, na marudio ambayo mara nyingi hubaki kuwa ya mwenye mtambo na siyo ya aliyeyachimba. Kila mmoja huitwa mchimbaji mdogo. Lakini mmoja anaweza kuishi mjini Musoma au Mwanza na asishike sururu mwaka mzima, na mwingine akashika zebaki kwa mikono mitupu, akashuka katika shimo lisilo na nguzo za kutosha, na mvua ikija akafukiwa.

Basi tahadhari, ndugu msomaji. Neno "mzawa" linaweza kuficha unyonyaji kama neno "mwekezaji" lilivyouficha. Leseni ndogo, ambayo eneo lake kwa kawaida halizidi hekta 10, ilihifadhiwa kwa Mtanzania ili imkomboe mnyonge. Ikishikwa na mtu anayekusanya leseni nyingi ili akodishe, mnyonge anakuwa mpangaji katika mali yake mwenyewe. Ikitumiwa kama kofia na mtaji usiojitaja, sheria inabaki na ganda tu. Na mkulima aliyetangulia kukaa hapo hugundua kwamba kijana wa mjini alilipia ada wakati yeye hakujua hata kama maombi yanapokelewa.

KAZI YA KADA

Historia hii inatupa mafunzo manne.

Kwanza, kutenganisha madini na shamba hakukuanzishwa na Azimio. Kulianzishwa na mkoloni kwa faida yake, nasi tukakurithi na kukupa maudhui mapya: kwamba kilichomo chini ni cha taifa zima, ili mwenye bahati ya kuzaliwa juu ya mwamba asiwe kabaila juu ya wenzake. Maudhui hayo yakitoweka, kinachobaki ni umbo la kikoloni: ofisi inatoa, kampuni inapokea, mkulima anaondoka.

Pili, umiliki wa umma hupimwa kwa ushiriki. Kakamega 1932 inatufundisha kwamba ahadi bila nguvu ya watu hufutwa. Nguvu ya watu katika mkoa wetu ni mkutano wa kijiji unaokutana, unaoandika mihutasari, na unaoitunza. Kijiji kisicho na ramani, mipaka wala daftari la mashamba kinaingia katika mazungumzo kikiwa tupu.

Tatu, fidia si hisani. Ni thamani ya kazi ya miaka iliyozikwa katika ardhi: visiki vilivyong'olewa, miti iliyopandwa, nyumba iliyojengwa, makaburi ya wazee. Kada anayemshauri mkulima atie kidole gumba kwenye karatasi asiyoielewa, ili mambo yaende haraka, anafanya kazi ya karani wa mkoloni.

Nne, mapambano hayaishii kwa mgeni. Yanaendelea ndani ya duara, ndani ya kamati, na ndani ya ukoo unaogombania fungu la mwenye shamba huku mama aliyelilima kwa miaka 30 akiachwa nje ya orodha.

Kwa hiyo kada wa Musoma, Bunda au Butiama aliyeulizwa swali lile la mwanzo asijibu kwa neno moja. Amjibu mkulima hivi: dhahabu ni ya taifa, na wewe ni taifa. Shamba ni lako kwa haki ya kazi na kwa sheria. Hakuna anayeweza kufika kwenye dhahabu ya taifa kwa kupita juu yako bila kukuuliza, kukuandikia na kukulipa. Kisha, baada ya kusema hayo, akae naye chini, afungue sheria, asome naye kifungu kwa kifungu, na siku ya mkutano wawe pamoja. Asipofanya hivyo, jibu lake litakuwa zuri, na vigingi vitabaki pale pale katika mihogo.

MASWALI YA MJADALA

1. Eleza tofauti kati ya madini kuwa mali ya serikali ya kikoloni na madini kuwa mali ya umma. Tofauti hiyo inaonekana wapi katika utaratibu wa kutoa kibali?

2. Kwa nini sheria ya madini ya 1929 iliweza kudumu mpaka 1979? Hilo linatufundisha nini juu ya kubadili dola na kubadili sheria?

3. Katika kijiji chako, nani wana leseni za madini, yakiwemo kokoto na mchanga? Mkutano mkuu wa kijiji uliwahi kuarifiwa? Mihutasari iko wapi?

4. Chambua mgawo wa kiroba kimoja katika chimbo unalolijua. Nani anafanya kazi, nani anapata, na kwa haki gani?